Jumapili Niliyosifiwa

Marquette, Michigan
Jumamosi, tarehe 3 Julai 1999
Miaka thelathini na miwili na miezi tisa tangu niondoke Ephron

Mdogo wangu mpendwa LaRae,

Nakusalimu wewe na Delmar, na kila anayekula mezani pako. Natumaini barua hii inawakuta wazima, na kwamba nyonga ya Delmar sasa inamruhusu kupanda trekta bila kukuficha. Mimi sijambo. Macho yananisumbua kidogo, lakini bado nasoma, na chuo kimeniachia ufunguo wa maktaba ingawa nilistaafu miaka mitatu iliyopita. Huku majira ya joto yamechelewa. Juzi nilivaa koti, na majirani hawakuona ajabu.

Jumapili naenda ibadani kama kawaida. Tuko kumi na tisa, na akina Pelkey wakisafiri tunabaki kumi na wawili. Nakaa benchi la nyuma. Huwa unaniuliza hilo kila mwaka kwa kuzungukazunguka, ukitaja hali ya hewa kwanza, basi leo nakujibu moja kwa moja: sijaacha imani, wala sijaonja kahawa ambayo kanisa letu linatukataza. Hayo ambayo watu wa Ephron walisema juu yangu hayakuwa kweli. Kilichokuwa kweli hawakukisema, kwa sababu hawakukijua.

Barua yako ya tarehe 24 Juni ilinifikia Jumatatu. Nimeisoma mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Unaniambia mambo matatu: kwamba binti yenu Maren amefuzu kwa fainali ya mbio za kuchagua timu ya taifa, na fainali hiyo itakimbiwa Jumapili tarehe 18, kwamba ameamua kujitoa, na kwamba askofu wenu anaomba niandike barua isomwe mimbarani Jumapili ya tarehe 11, ili kata nzima ya kanisa isikie kutoka kwangu mwenyewe nilivyokataa kucheza mwaka 1956. Halafu, kama nyongeza, wazee wa mji wamenitengea gari la mbele katika gwaride la Siku ya Waanzilishi, na mwaka huu hutakubali udhuru.

Uliandika pia maneno ya Maren, na hayo ndiyo yamenizuia kufanya kazi yoyote wiki hii. Kocha wake alipomsihi afikiri tena, alimjibu hivi: “Kama Mjomba Rulon aliweza akiwa peke yake Ohio, mimi nitashindwaje nami nina nyumba nzima nyuma yangu?”

LaRae, nivumilie. Nitaanzia mbali kidogo, kwa sababu ulikuwa na miaka kumi na mitatu tu wakati ule, na mengine hukuyaona ila kwa nje.

Unakumbuka daftari la Shangazi Hulda, lile lenye jalada la kitambaa. Kila mtu wa kanisa letu aliyejulikana huko duniani alibandikwa humo kwa gundi ya unga: mwanamke aliyeimba redioni, mwenye mahoteli, seneta, bondia, yule bwana wa benki aliyepigwa picha na rais. Hulda hakusoma gazeti kujua habari, alisoma kutafuta watu wetu. Chakula cha Jumapili kilikuwa hakijapoa, viazi na jeli ya kijani yenye karoti, naye tayari amefungua ukurasa mpya anatangaza, “Huyu ni wetu.” Siku moja aliinua picha ya mwigizaji fulani akasema huyo pia ni wetu, ila anaficha. Baba akamuuliza amejuaje. “Mtazame macho,” akasema. “Huyo hanywi kahawa.” Baba akamwambia, “Hulda, dada yangu, huyo kazikwa na padri wiki iliyopita.” Hulda akafunga daftari akasema basi amekufa kabla hajatuambia.

Tulimcheka, lakini sote tulikuwa na daftari hilo kichwani. Watu ambao babu zao walifukuzwa mji baada ya mji, wakavuka nyika wakisukuma mikokoteni, hawachoki kuhesabu nani miongoni mwao amekubaliwa. Kila jina lilikuwa kama barua ya utambulisho kwetu sote. Ndiyo maana nilipochaguliwa na timu ya kulipwa ya Ohio, mimi mtoto wa mfuga kondoo, Ephron haikuona kwamba nimeenda kucheza mpira wa kikapu. Iliona imetuma mjumbe.

Kabla sijaondoka nilisimama mimbarani, kama ilivyo desturi, na Baba alinitaka niahidi mbele ya watu kwamba sitacheza siku ya Bwana. Niliahidi. Haikuwa ahadi ngumu, maana ligi ile haikucheza Jumapili. Misimu miwili ikapita bila mtihani. Kisha, Machi 1956, tukafika fainali, na mchezo wa mwisho ulipangwa Jumamosi. Lakini ukumbi ulikuwa umekwisha kukodishwa kwa sarakasi, na tembo hawahamishwi kirahisi. Mchezo ukasogezwa hadi Jumapili tarehe 25.

Yaliyofuata kijijini unayajua kuliko mimi. Askofu aliita kata nzima ifunge saa ishirini na nne kwa ajili yangu, ingawa haikuwa Jumapili ya mfungo. Mama naye alifunga. Daktari alikuwa amemkataza kwa sababu ya ugonjwa wake wa sukari, na wewe ndiwe uliyemkuta ameanguka zizini, ndoo imemwagika. Ukamwekea asali ulimini. Mama alinitumia telegramu siku ya Jumamosi, ninayo hadi leo, ina maneno machache: “Kijiji kizima kinafunga. Tunajua utakalofanya. Mama.”

Na hadithi inayosimuliwa tangu siku hiyo unaijua pia. Ndugu Mikkelsen, yaani mimi, aliwekewa fainali mkono mmoja na amri ya Mungu mkono mwingine. Hakutokea uwanjani. Timu ikashindwa kwa pointi mbili. Mwandishi wa gazeti akamtafuta mji mzima, akamkuta anatoka katika chumba cha kukodi ambamo watu wetu wachache wa mji ule walifanyia ibada ya jioni. Hadithi hiyo imesimuliwa kwa vijana kwa miaka arobaini na mitatu. Jina langu liko juu ya mlango wa ukumbi wa michezo wa shule ya Ephron.

Sasa nakuambia ilivyokuwa.

Ijumaa, kocha wetu, Mwairishi mmoja aliyeitwa Dolan, aliniuliza kama nitacheza Jumapili. Alijua ninakotoka. Nilimjibu, “Nitacheza.” Sikusitasita. Telegramu ya Mama ilinifikia kesho yake, nikaisoma, nikaikunja, nikaitia mfukoni, wala haikubadilisha uamuzi wangu. Nilijiambia kwamba nitatubu Jumatatu. Jumapili saa kumi na mbili jioni nilikuwa katika chumba cha kubadilishia nguo, nimevaa jezi, nimefunga viatu, na goti langu limezungushiwa bendeji, kwa sababu Alhamisi nilikuwa nimeumia na kukosa mitupo tisa kati ya kumi na mmoja.

Tulikuwa wachezaji kumi na mmoja tuliovaa. Dolan akasoma majina kumi. Langu halikuwamo. Hakunitazama. Mahali pangu alikuwa amemtia kijana mrefu wa Indiana ambaye magoti yake yote mawili yalikuwa mazima. Wenzangu wakatoka mbio kwenda uwanjani, nikabaki nikifungua viatu nilivyokuwa nimevifunga dakika kumi kabla.

Sikwenda ibadani kumtafuta Mungu, LaRae. Nilikwenda kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha, nilikuwa nimeaibika, na katika mji ule chumba kile ndicho pekee ambamo mtu angeniita kwa jina langu. Nilikaa nyuma. Nilipotoka, mwandishi alikuwa amesimama kwenye ngazi na kofia yake imelowa. Aliniuliza, “Hukucheza kwa sababu ni Jumapili?”

Nilikuwa na majibu mawili ya kweli. Ningeweza kusema kwamba nimeachwa. Ningeweza kunyamaza. Badala yake nikasema, “Unaona mwenyewe ninakotoka.”

Hakuna neno la uongo katika sentensi hiyo. Nimeichunguza miaka yote hii kama mtu anayekagua mkataba, na kila neno lake ni sahihi. Ndiyo maana ni uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kusema.

Kesho yake magazeti yaliiandika, na keshokutwa gazeti la Salt Lake likaichapisha upya. Nilidhani Dolan atakanusha. Hakukanusha. Alikuwa amemwacha mfungaji wake bora wa msimu na kushindwa kwa pointi mbili, na sasa amepewa sababu ambayo hakuna mwenye timu angeweza kumlaumu kwayo. Uongo wangu ulimfaa yeye kama ulivyonifaa mimi. Hatukuzungumza juu yake hata mara moja. Alikufa mwaka 1964.

Nilipanda treni kurudi nyumbani nikiwa nimepanga namna ya kumwambia Baba. Kituoni nikakuta bendi. Wewe ulikuwa mbele, umevaa gauni la bluu, na Mama amesimama amemshika Hulda mkono, bado amepauka. Alinishika uso kwa viganja viwili akasema alijua, hakuwa na shaka hata kidogo, hata alipoanguka zizini alijua. Hapo ndipo nilipoambiwa habari ya zizi. Niambie, mdogo wangu, ningemwambia nini mwanamke yule? Najua ningemwambia nini. Nilijua hata wakati ule.

Hulda alinibandika kati ya seneta na mwenye mahoteli.

Baada ya hapo mambo yalijiendesha. Kampuni ya maziwa iliutaka uso wangu, na kwa miaka saba nilitabasamu juu ya pakiti katika kila duka la bonde la Sanpete. Mwaka 1959 nilipata postikadi kutoka kwa Stan Wojcik, mmoja wa wale kumi waliosomwa majina. Aliandika: “Nimekuona kwenye maziwa, mzee. Umependeza. Mimi mdomo wangu nimeufunga, ila usinitumie hayo maziwa, tumbo langu halitayaweza.” Niliichoma jikoni. Wewe uliniuliza harufu hiyo ni ya nini, nikakuambia ni mkate.

Nilizungumza na vijana katika kata sitini na mbili. Nilizihesabu. Nilikuwa hodari, na mahali fulani katikati ya kata ya thelathini nilianza kuyaona matukio yale kama nilivyoyasimulia. Kisha mwaka 1966 watu wa chama wakaja wakaniomba niwanie kiti katika baraza la jimbo. Mabango yalisema tu: Mikkelsen, Mtu wa Jumapili. Hakukuwa na haja ya kusema zaidi.

Oktoba ya mwaka huo kibali changu cha kuingia hekaluni kilikuwa kimeisha muda, nami nilikihitaji, kwa sababu wewe ulikuwa unaolewa katika hekalu la Manti mwezi Desemba. Nikaenda kwa Askofu Tuttle ofisini kwake, chumba kile kidogo nyuma ya uwanja wa kikapu wa kanisa. Vijana walikuwa wanacheza. Mpira ulikuwa unagonga ukuta nyuma ya kichwa changu. Aliniuliza maswali yale yale anayoulizwa kila mmoja wetu: imani, zaka, Neno la Hekima linalokataza kahawa na pombe. Nikajibu. Akafika kwenye lile la kama mimi ni mkweli katika shughuli zangu na wenzangu.

Nilikuwa nimelijibu swali hilo mara kumi tangu 1956, kila mwaka mara moja, kwa neno moja. Safari hii neno halikutoka. Tuttle akangoja, kisha akacheka kwa upole akasema, “Rulon, kama wewe si mkweli, sisi wengine tufungashe virago twende Nevada kwa wacheza kamari.”

Nikasimama nikamwambia kwamba sistahili kibali. Aliacha kucheka. Akaniuliza kama ni mwanamke. Nikasema si mwanamke. Akaniuliza kama nataka kumwambia ni nini, na nilitaka, LaRae, nilitaka kuliko kitu chochote. Lakini Mama alikuwa angali hai, mtaa mmoja tu kutoka pale, na anajulikana mji mzima kama mwanamke aliyefunga mpaka akaanguka. Nikamwambia siwezi. Tuttle alikuwa mtu mwadilifu; alilizika jambo hilo moyoni mwake na sidhani alimwambia hata mkewe. Siku tano baadaye nilijitoa kwenye uchaguzi na kupanda basi. Ephron ikajaza nafasi iliyobaki kwa mwanamke, kahawa, na deni la kamari.

Umeniandikia mara mbili katika miaka hii kwamba unanisamehe kwa kutokuja harusini kwako. Nilikuja. Bila kibali sikuweza kuingia hekaluni, na bila maelezo sikuweza kukaa chini na wale watoto na jamaa wasio waumini wakingoja. Nilisimama ng'ambo ya barabara, chini ya kilima, karibu na ghala la nafaka, tangu saa tatu hadi saa sita kasorobo. Ulitoka kwa mlango wa mashariki. Delmar alikuwa anakuchukulia viatu vyako vya theluji mkononi kama mtu aliyebeba kuku wawili, nawe ulikuwa unamcheka. Niliona vizuri. Kisha nikaenda kituoni.

Mama alikufa 1971. Tangu hapo sina udhuru. Kwa miaka ishirini na minane hakuna aliyekuwepo wa kulindwa ila mimi. Nataka ulione hilo wazi, kwa sababu najua tabia yako. Utaanza kunitetea kabla hujamaliza ukurasa huu.

Pengine unajiuliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza kwa upendo, nami ningekubali kukatizwa.

Sasa habari ya Maren. Barua hii si ile aliyoiomba askofu wenu, na usimpe aisome mimbarani kabla Maren hajaisoma peke yake. Nimeituma kwa njia ya haraka; itafika kabla ya Alhamisi. Mpe yote, pamoja na hili la goti na la yule kijana wa Indiana. Usimpunguzie.

Simwambii akimbie. Simwambii asikimbie. Amri ya siku ya Bwana haikutolewa na mimi na haipungui thamani kwa sababu mimi niliitumia kama mwavuli. Akiiheshimu kwa sababu anaipenda, nitamheshimu maisha yangu yote yaliyobaki. Akikimbia, nitasikiliza matokeo redioni na nitafurahi akishinda. Lakini asiache mbio alizozifanyia mazoezi tangu ana miaka kumi na miwili kwa sababu mtu fulani Ohio aliwahi kuwa na nguvu. Mtu huyo hakuwapo. Mwambie kwamba pale alipodhani mjomba wake amesimama, hapakuwa na mtu. Aamue akijua kwamba yeye ndiye wa kwanza kuamua.

Na mwambie jambo moja zaidi, kutoka kwangu: wakimuuliza kwa nini, kwa vyovyote atakavyochagua, ajibu kwa maneno ambayo hayatamlazimu kuyachunguza baadaye.

Kisha askofu aambiwe, na wazee wa mji. Jina langu litolewe juu ya mlango wa ukumbi. Najua watakuwapo watakaosema yaliyopita yamepita, na kwamba hadithi imewafanyia vijana mema. Imewafanyia, sikatai. Wawatafutie nyingine. Bonde zima limejaa wanawake waliofunga kweli.

Nisalimie Delmar, na umwambie nimewahi kumwona akibeba viatu. Wasalimie Thayne na Arvilla na watoto wao, na yule binti wa Tuttle kama bado anauza katika duka la dawa. Nimekupenda siku zote, hata katika miaka ambayo nilikuandikia juu ya theluji tu.

Gari la mbele mpeni mtu mwingine. Nimefikiri juu yake wiki nzima, asubuhi na jioni, nikajaribu kuliona gwaride na mimi ndani yake, kwanza kama shujaa, kisha kama mwenye dhambi aliyesamehewa mbele ya bendi, na la pili nililitamani zaidi, kwa hiyo nikajua ni baya zaidi. Ukweli nimewarudishia. Mimi mwenyewe sitarudi.

Kaka yako,
Rulon Mikkelsen